Mtoto Aliyesubiri Kuitwa

Habari hii nilipewa na Kalunde, wifi yake Mwalimu Nyamizi, msimu wa kuanika michembe, mwaka uliofuata baada ya kupitishwa Sheria ya Mwalimu Mmoja. Tulikuwa uani kwake tunakata viazi vitamu vya kuanika, na kila alipofika mahali pagumu kisu kilikuwa kinasimama. Mengine aliyaona kwa macho yake, mengine aliambiwa na Nyamizi mwenyewe. Nayaandika kama nilivyoyapata. Yale ambayo wao hawakuyaelewa, mimi pia sikuyaelewa, nimeyaacha hivyo hivyo.

Siku yenyewe ilianzia darasani, pale Ndelemya, mchana ambao bati lilikuwa linalia kwa jua. Mwalimu Nyamizi alikuwa ubaoni. Akageuka, akajikunyata, akasema, "Fungeni dirisha hilo, ukungu unaingia."

Watoto wakatazamana. Huko nje kulikuwa na vumbi jekundu, na kuku amelala chini ya baiskeli ametanua mabawa kwa joto.

"Mwalimu," akauliza Minza, aliyekaa karibu na dirisha, "ukungu ndiyo nini?"

Nyamizi akaangalia dirisha, akaangalia mikono yake. Alikuwa anaipasha joto, anaifikicha kama mtu aliyetoka mtoni alfajiri. Akaishusha.

"Nimewajaribu tu," akasema. "Haya. Ambakisye, simama usome."

Hakuna aliyesimama. Minza, mdomo wake hauna breki yule, akasema, "Mwalimu, huyo Ambakisye hajahamia bado. Akifika tutamwambia asome."

Watoto wakacheka mpaka madawati yakacheza. Nyamizi naye akacheka, ila cheko lake lilitoka mdomoni tu. Uso wa huyo Ambakisye alikuwa anaujua. Alijua ana pengo la juu. Alijua huwa anasoma huku amefuata mstari kwa ukucha wa kidole kidogo. Na hajawahi kumwona.

* * *

Hapa lazima nieleze kidogo.

Zamani siyo nyingi walimu waliisha. Hawakufa. Waliisha kama chumvi ndani ya kopo, unaingiza vidole siku moja unakuta unakwangua. Wengine walizeeka, wengine walikwenda kuuza simu na dawa za ng'ombe kwa kuwa mshahara ulikuwa unachelewa kuliko mvua. Shule zikafungwa, moja huku, moja kule. Kwenye madarasa watu wakaanika mahindi.

Serikali ikakaa, ikasimama, ikakaa tena, ikatoa Sheria ya Mwalimu Mmoja. Ilisema kwamba mwalimu mzuri akipatikana, asifundishe shule moja tu, afundishe nyingi kwa wakati mmoja. Mafundi wakaleta kofia, ya kijivu, laini, ndani yake nyuzi kama za buibui. Mwalimu anaivaa asubuhi kabla hajatoka nyumbani, dakika chache tu, na kofia inachukua namna yake yote: anayoyajua, sauti yake, subira yake, hata vile anavyokohoa kabla ya kugomba. Hicho walichokichukua walikiita kivuli. Kivuli kinatumwa kwenye shule zilizofungwa, mbali, na kila shule kinasimama ndani ya kioo kirefu mbele ya darasa. Kinaona, kinasikia, kinasema. Mtoto akinyoosha kidole kinamwona. Jioni kengele ikilia kinazimwa, kisha mwalimu anavaa kofia mara ya pili ili apate mrejesho, yaani ajue watoto wamekwama wapi, kesho aongeze maelezo. Somo peke yake ndilo linalorudi. Nyuso, majina, harufu, vyote hubaki huko huko. Ndivyo mafundi walivyoapa.

Hata hela za shule zilifuata jicho la mwalimu. Mtoto aliyeonwa na jicho la mwalimu, la nyama au la kioo, alihesabiwa, akapata uji, daftari na bati juu ya kichwa. Shule isiyo na jicho haikupata hata chaki. Kwa hiyo kivuli kilipofika mahali, shule ilifufuka: mlezi akaajiriwa wa kufungua mlango na kupika uji, paa likazibwa, watoto wakarudi.

Lakini sheria ilikuwa na mkia. Mwalimu ambaye nyuso zinamrudia pamoja na somo, huyo kichwa chake kinavuja. Akigundulika anavuliwa kofia siku hiyo hiyo na vivuli vyake vyote vinazimwa, mpaka apatikane mwalimu mwingine. Na walimu wengine, nimeshasema, walikuwa wameisha.

Nyamizi alikuwa anavuja tangu mwanzo. Alijua, akanyamaza.

* * *

Jioni ile alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, kofia kichwani, anamenya karanga. Kalunde alikuwa jikoni anasonga ugali. Alizoea kumtania kuhusu ile kofia, kwamba inamfanya afanane na muuza samaki wa mnadani, na jioni ile alikuwa ametoka kumtania tena.

Mara akasikia ungo umeanguka, karanga zimemwagika chini.

"Sijamwita!" Nyamizi alikuwa amesimama. "Wifi, sijamwita!"

"Hujamwita nani?"

"Mtoto. Nimemtoa nje. Nimemwambia asimame barazani mpaka nimwite. Kengele imelia, sijamwita."

Kalunde akatoka na mwiko mkononi. "Mtoto gani tena? Watoto wako wote nimewaona hapa njiani wanapigana na mifuko. Hata yule Minza mwenye mdomo ameniomba karanga."

Nyamizi alivua kofia, akaitupa juu ya kigoda, akatoka mbio na khanga moja. Kalunde akamfuata, mwiko bado mkononi, unga unamkaukia kwenye vidole.

Shuleni baraza lilikuwa tupu. Kulikuwa na mbuzi mmoja amelala mlangoni, akawatazama kama watu waliochelewa. Nyamizi alizunguka darasa, akachungulia nyuma ya tangi la maji, akaita, "We mtoto! We!" Hakuna aliyeitika.

"Anaitwa nani?" akauliza Kalunde.

"Sijui. Sikumtaja jina. Nilisema, wewe wa sweta, toka nje."

"Wa nini?"

"Wa sweta. Ana sweta la kijani, mkono mmoja umefumuka, nyuzi zinaning'inia."

Kalunde akaangalia lile jua linalotua na bado linachoma, akaangalia jasho la wifi yake. "Nyamizi. Sweta? Hapa Ndelemya mtu akivaa sweta tunampeleka zahanati."

Hapo Nyamizi akakaa chini, pale pale barazani, karibu na mbuzi. Kisha akasema polepole, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole, "Kwa hiyo siyo mimi."

"Siyo wewe."

"Lakini nimesema mimi. Nakumbuka nilivyosema. Koo langu linakumbuka."

"Ni kivuli chako kimesema, wifi, huko kwenye baridi. Wewe mchana kutwa ulikuwa hapa na watoto wako."

"Na mimi ni yupi?"

Kalunde aliniambia kwamba swali hilo lilimtisha kuliko mambo mengine yote ya siku ile, kwa kuwa Nyamizi hakuliuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyepotea njia anavyouliza zahanati iko wapi.

* * *

Sisi tuliopita darasani, hata wa madarasa machache, tunajua. Mtoto aliyetolewa nje na mwalimu hasogei mpaka aitwe na mwalimu. Siyo hilo tu, hakuna mtu mwingine anayemsogeza. Mama yake akipita atamwangalia kwa jicho la pembeni. Mwenyekiti wa kijiji akipita ataguna. Utampa maji, utamfukuzia nzi, lakini kumwondoa ni kumwambia mwalimu wewe si kitu hapa. Na walimu wa kioo waliheshimiwa zaidi ya wale wa zamani, kwa kuwa watu walikuwa wamekaa bila mwalimu, wakajua ilivyo. Wazazi walikuwa wanavua kofia mbele ya kile kioo. Waliogopa kikiudhika kitaondoka.

"Atachoka aende kwao," akasema Kalunde walipokuwa wanarudi.

"Hataenda. Nimemwambia mpaka nimwite."

"Baridi ikimzidi ataenda."

"Wewe ungeenda?"

Kalunde alikumbuka siku aliyosimamishwa chini ya kengele mpaka mvua ikamkuta, na mama yake akaja, akasimama naye bila kusema neno, wote wawili wamelowa, mpaka mwalimu alipotoka ofisini.

Walipofika nyumbani ugali ulikuwa umeungua. Nyamizi akachukua simu. Kalunde akamshika mkono.

"Subiri kwanza. Unampigia nani? Wewe mwenyewe hukuambiwa shule zako ziko wapi."

Hilo lilikuwa kweli. Idara ya Vivuli haikumtajia mwalimu majina ya shule, kwa kuogopa wazazi watamwandama nyumbani.

"Nawapigia Idara. Wa zamu yupo."

"Utamwambia umejuaje?"

Nyamizi akaigeuza simu mkononi.

"Eh, sema. Utamwambia umeona sweta kwenye somo la kugawanya? Watakuvua kofia, wifi. Sikulilii wewe, wewe utapumzika, hata usiku utalala vizuri. Nawalilia wale watoto wengine. Madarasa yako yote hayo yatafungwa. Uji utakatika. Wataanika mahindi tena humo ndani. Kwa mtoto mmoja aliyesimama nje?"

"Hao wengine saa hizi wako makwao."

"Kesho wataamka."

"Na huyu je, akiamka na kifua? Au asipoamka?"

"Labda mtu ameshamchukua."

"Labda."

Walikaa na hilo neno katikati yao. Nyamizi alisema baadaye kwamba kama angejua kwa hakika mtoto yuko hatarini, angepiga mara moja. Kama angejua yuko salama, angekula ugali wake. Kilichomtesa ni kutojua. Tena alikuwa hajui hata kama anachokikumbuka kimetokea leo, au ni cha juzi kimechelewa njiani. Vitu vingi vilikuwa vinamrudia vimechanganyika, sauti ya huku kwenye uso wa kule. Kuna siku alimwamkia jirani kama mzazi wa mtoto ambaye jirani hakumzaa.

Akafumba macho, akatafuta. Sweta la kijani. Nyuma yake mianzi, mingi, inagongana kwa upepo. Harufu, kama dawa ya mbu lakini mbichi, inatoka kwenye majamvi yaliyoanikwa maua meupe. Na ile sakafu ya baraza, saruji, inavyotoa ubaridi chini kwa chini. Mtoto hana viatu.

"Hana viatu," akasema.

Kalunde akaachia mkono wake.

* * *

Wa zamu siku ile aliitwa Chitemo, mtu mzima, sauti imekwaruza kwa chai na kuzungumza peke yake. Kalunde alisikia yote maana simu iliwekwa mezani.

"Mwalimu Nyamizi. Karibu. Kofia ina shida?"

"Kofia nzima, Ndugu Chitemo. Naomba uniamshie kivuli."

"Saa hizi? Kipi?"

"Sijui ni kipi. Cha kwenye baridi."

Kijiko kikasikika kinazunguka kikombeni.

"Mwalimu, nisikilize vizuri. Kivuli hakiamshwi baada ya kengele bila sababu. Ninazo sababu tatu hapa. Moto, msiba, na ile ya tatu. Kuna moto?"

"Hakuna."

"Kuna msiba?"

"Bado."

"Basi lala, mama. Kesho asubuhi utakiuliza unachotaka."

"Kuna mtoto kimemwacha nje. Amesimama anasubiri kuitwa."

Kijiko kikaacha kuzunguka. Chitemo akapunguza sauti, kama vile yuko na mtu chumbani, na hakuwa na mtu.

"Nani kakwambia?"

Nyamizi akafungua mdomo. Kalunde, upande wa pili wa meza, alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana.

"Labda kuna mzazi amekupigia," akasema Chitemo haraka. "Sema kuna mzazi amekupigia. Nitaandika hivyo."

"Mzazi wa shule ipi?"

"Hilo sasa..." Akakohoa. "Hilo lazima unitajie. Siwezi kuwasha vioo nchi nzima kama mtu anayetafuta ufunguo wake."

"Sina jina la shule. Nina sweta la kijani. Nina mianzi. Nina harufu ya maua meupe kwenye majamvi, kama dawa ya mbu."

"Mwalimu, usiendelee."

"Nimeyaona, Ndugu Chitemo. Nayaona kila jioni, tangu nivae kofia. Nina watoto kichwani ambao sijui niwaweke wapi. Haya, andika ile sababu ya tatu, kichwa kinavuja."

Chitemo hakuandika upesi. Walimsikia anapumua. Kisha akasema, kwa sauti nyingine kabisa, siyo ya ofisi, "Pareto. Hiyo ni pareto inaanikwa. Baba yangu alilima pareto." Akabonyeza vitu vyake huko. "Za baridi unazo kadhaa. Ya pareto ni moja tu. Shika simu, usikate. Unajua nini kinafuata, sivyo?"

"Najua."

"Kesho gari litakuja."

"Najua, ndugu yangu. Washa."

* * *

Kwenye simu kukaonekana giza, halafu darasa. Nyamizi alikuwa anaona kwa jicho la kivuli chake. Madawati matupu, ubao, na mlango uko wazi. Nje ya mlango palikuwa na mwanga mwekundu unaocheza, Nyamizi akadhani ni moto kweli.

Kivuli kikakohoa, kikohozi chake mwenyewe. "Mbona giza?" kikasema. "Kengele si imelia?"

Nyamizi hakukieleza. Hakujua aanzie wapi. Alisema tu, "Mwite," na kivuli, kwa kuwa kilikuwa yeye, hakikuuliza nani.

"Wewe wa sweta!"

"Naaam, mwalimu!"

Sauti ilitoka hapo hapo nje ya mlango, imekauka, inatetemeka. Kukasikika vishindo, kigoda kimepinduka, mtu amesema "Ameita! Ameita!" na wakaja watu watatu kwa pamoja wakabanana mlangoni. Mbele alikuwa mtoto wa kike, mdogo kuliko Nyamizi alivyomkumbuka, sweta la kijani na juu yake blanketi, na juu ya blanketi khanga. Nyuma yake mwanamke mnene, mkono mmoja ameshika kiazi cha kuchoma, na mzee mrefu aliyekuwa anavua kofia yake ya sufi.

"Shikamoo, mwalimu," akasema mzee.

"Marah... hapana!" kikasema kivuli. "Mzee wangu, mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo."

"Marahaba. Utusamehe. Mimi ni babu yake Gwantwa. Huyu ni mlezi wa shule, Mama Tumpe. Tumekuja kumwombea mtoto msamaha tangu jua halijatua. Tumesimama mbele yako hapa, tumeomba, hukujibu. Tukajua hasira haijakuisha. Tukawasha moto hapo nje tukae naye mpaka ikuishe."

Kalunde alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Aliniambia hajui mpaka leo kama alitaka kucheka au kulia.

"Mngemchukua nyumbani!" kikasema kivuli.

"Tumchukue?" Mama Tumpe akashangaa mpaka kiazi kikamponyoka. "Mwalimu umemweka wewe, tumchukue sisi? Tungekujibu nini kesho? Ukituondokea je?"

"Basi mngemkalisha karibu na moto."

"Amekataa kukaa," akasema babu. "Anasema mwalimu amesema kusimama. Nimemfunga blanketi akiwa wima, kama nguzo."

Miguu ya mtoto ilikuwa inaonekana chini ya blanketi, mitupu, imepauka kwa baridi, na magoti yanacheza peke yake.

"Ingia ndani, mwanangu," wakasema wote wawili, Nyamizi na kivuli, kwa mara moja, kwa sauti moja. Gwantwa akaingia, akaangalia kioo, kisha akainama akachungulia nyuma ya kioo.

"Mko wawili?" akauliza.

Babu akamvuta, akamkalisha kwenye dawati, akaanza kumsugua miguu kwa kofia ya sufi.

"Amekosa nini?" akauliza Nyamizi, kwa sauti ya chini, maana hilo halikumrudia kwenye kofia. Sweta lilirudi, baridi ilirudi, kosa halikurudi.

Kivuli kikamtazama mtoto. "Aliniuliza swali."

"Swali gani?"

"Gwantwa," kikasema kivuli, "liulize tena. Sikugombi."

Mtoto akatazama babu yake, babu akaitikia kwa kichwa kumruhusu. "Niliuliza, mwalimu jioni huwa unaenda wapi. Kwa sababu nilirudi siku moja kuchukua daftari nikachungulia, hukuwepo. Na mlangoni hukupita."

Nyamizi akaelewa kwa nini kivuli kilimtoa nje. Yeye mwenyewe, mtoto akimuuliza jambo lililomtisha, alikuwa na tabia hiyo hiyo. Toka nje kwanza. Simama huko mpaka nikuite. Alitaka muda wa kujua la kujibu. Ila kengele ilikuwa imelia kabla jibu halijapatikana.

"Umeuliza vizuri," akasema kivuli. "Mimi ndiye niliyekosa. Nenda ukalale. Kesho..." Akanyamaza kwenye hilo neno. "Nenda ukalale, mwanangu."

Babu akamtia mgongoni, blanketi na khanga na yote. Walipofika mlangoni kichwa cha Gwantwa kilikuwa kimeshaanguka begani, mdomo wazi. Alikuwa amelala kabla hawajashuka ngazi. Mama Tumpe akamwagia moto maji, akaaga, akafunga mlango.

* * *

"Nizime?" akauliza Chitemo.

"Tupe muda kidogo."

"Mimi ninaandika hapa, Mwalimu. Nina mwandiko wa polepole." Kijiko chake kikaanza tena kuzunguka kikombeni.

Wakabaki wawili, mmoja mezani kwenye joto, mmoja ndani ya kioo kwenye darasa lenye giza. Kalunde alijilaza kwenye mkeka, akisema anasikiliza, na punde akawa anakoroma.

"Nyamizi," akasema kivuli. Hakuwahi kumwita hivyo. "Nilikuwa sijui la kumjibu. Jioni mimi huwa naenda wapi?"

Nyamizi alitaka kusema sijui. Alishasema sijui nyingi siku ile. Lakini aliangalia pembeni, akaona kofia juu ya kigoda ilipokuwa imetupwa, na karanga bado zimetapakaa chini.

"Huwa unakuja kwangu," akasema. "Walisema haiwezekani, lakini huwa unakuja. Kila jioni. Unakuja na baridi yako na watoto wako, unanichanganya, nawaita huku majina ya huko. Leo ndiyo naona kumbe ulikuwa unarudi nyumbani."

"Kuna nini huko nyumbani?"

"Kuna joto. Kuna ugali umeungua. Kuna wifi yangu, huyo unayemsikia anakoroma. Kuna karanga hatujamaliza kumenya."

Kivuli akacheka, cheko la tumboni, lile ambalo Nyamizi alilikosa mchana. "Na kesho wakikuvua kofia?"

Nyamizi akatafuta uongo mzuri, kisha akauacha. "Kesho sijui. Sijui wewe utakuwa wapi, wala wale watoto wote watakuwa na nani. Nimewaza, nimeshindwa. Nilimwona mmoja hana viatu."

"Hata mimi ningepiga simu," akasema kivuli.

"Ulipiga," akasema Nyamizi.

Kivuli akakohoa. "Basi nilaze. Nimechoka kusimama."

Nyamizi akamwambia Chitemo, na Chitemo akazima bila kusema kitu. Akasikika anasukuma kiti, anasema anajilaza kidogo pale pale mezani, kisha simu ikakatika.

Nyamizi akaokota kofia kwenye kigoda, akaipangusa vumbi. Hakuna aliyemwagiza kuivaa tena usiku ule. Akaivaa. Akajinyoosha kwenye mkeka karibu na Kalunde, akafumba macho, akangoja. Ikamjia mianzi. Ikamjia harufu ya kiazi kilichoungua ganda. Akaona mgongo mrefu wa mzee unapotelea mlangoni, na miguu miwili midogo inaning'inia.

Usiku ule Ndelemya watu walilala nje kwa joto. Nyamizi alipapasa gizani, akavuta blanketi la Kalunde, akajifunika mpaka shingoni, akakunja miguu yake iliyokuwa imepoa kama saruji. Ilipoanza kupata moto, akalala.